Mashua ama Jahazi? Hesabu Mbogi Kwanza

Tamasha la Utamaduni la Lamu likibamba Novemba, kuna stori moja huzaliwa ufuoni siku ya mashindano ya mashua. Mbogi ya Nairobi imeshuka na basi, macho bado mekundu ya kukosa usingizi, wanacheki matanga yakikata mkondo kati ya Lamu na Manda, watoto wa mtaa wanapigia nahodha wao makelele, na kabla jua litue msee mmoja ashatema: "Manze, si tuchange tununue yetu." Wengi wao wakirudi Nai wanasahau hayo maneno kabla basi lifike Garsen. Wale hawasahau ndio naandikia hapa, juu hao ndio watanyongwa na wauzaji.

Saa hii kwa tenje yangu kuna picha za vyombo viwili, vyote mtumba. Cha kwanza ni mashua ya futi 22, iko Shela: mlingoti mmoja, tanga moja, haina dari, na imepigwa rangi ya bluu jana ama juzi. Hiyo rangi tutairudia. Cha pili ni jahazi la futi 44, limelazwa kwa matope ya Matondoni. Lina dari nusu, lina kibanda huko tezi, yaani nyuma, lina injini ya dizeli ambayo mwenyewe anasema "inawaka vizuri" bila hata kuigusa. Mashua, chama cha wasee kumi wenye kazi wanaimaliza bila mtu kulala njaa. Jahazi ni deni. Na bado kila msee nikimwonyesha hizo picha anadondokea jahazi. Ni kubwa, liko na nafasi ya dijei, unaweza kusimama kule mbele omo na luku yako upigwe picha kama sultani wa Witu.

Mimi nasema mchukue ile ndogo. Na si juu ya doh peke yake.

Anza na hizo futi. 44 ni mara mbili ya 22, sivyo? Ubongo unakwambia basi kila kitu ni mara mbili. Zii. Chombo kikiongezwa urefu, upana na kina mara mbili, tanga linapanuka mara nne, rangi unanunua mara nne, na uzito unapanda mara nane. Mara nane, buda. Mbao, misumari, migongo ya kusukuma chombo kikikwama kwa mchanga, vyote vinapanda hivyo. Alafu spidi sasa. Chombo cha mbao kinachokaa ndani ya maji kinabanwa na wimbi kinalolitengeneza chenyewe, na kasi yake ya mwisho inafuata kipeuo cha pili cha urefu ule unaogusa maji. Mashua yenye futi 19 majini inagota kama maili 6 za baharini kwa saa. Jahazi lenye futi 38 majini linagota kama 8. Yaani umebeba mzigo mara nane ndio upate maili mbili na kitu juu.

Lakini niwe mkweli, kuna kitu jahazi linakupa bila mchezo: kutulia. Upepo unapiga tanga kubwa na kutaka kupindua jahazi kwa nguvu mara nane, sawa, ila nguvu ya chombo kujisimamisha inapanda mara 16. Ndio maana ukikaa kwa jahazi chai haimwagiki, na unaweza kumbeba mathe wako mpaka magofu ya Takwa asikutukane. Mashua nayo ikipigwa na upepo wa matlai inalala ubavu saa hiyo hiyo, na kila mtu ndani yake ana kazi. Kama hupendi kazi, hapo tayari ushapata jibu lako, ingawa si lile ulilotaka.

Sasa turudi kwa ile rangi ya bluu.

Nilienda kuicheki hiyo mashua na fundi mmoja wa Matondoni, mzee wa maneno machache. Matondoni ndio kijiji cha mafundi wa vyombo kisiwani Lamu. Ukipita pale utaskia tezo ikichonga kabla uone kitu, na keke bado inatoboa mbao kwa kamba na upinde. Hakuna karatasi, mchoro wote uko kwa macho ya fundi. Mimi nilikuwa nishazunguka mashua nikiisifu, nikipiga picha. Mzee akaniangalia, akasema, "Mwanangu, chombo hakinunuliwi kwa mato." Akatoa kisu cha mfukoni, kile cha kumenyea maembe.

Hakukidunga popote tu. Alianzia nyuma, pale mkuku unakutana na mti wa fashini, mahali maji hukaa na hakuna mtu hupiga brashi vizuri. Kisu kikagoma. Akasogea kwa ubao ulio sawa na mstari wa maji, ule unaolowa na kukauka kila siku, akaenda akichoma kila shibri moja. Ukagoma, ukagoma, alafu karibu na mbele kisu kikaingia mpaka mpini, kimya kabisa, kama hakuna ubao pale. Rangi ya bluu haikupasuka hata. Chini yake palikuwa pamejazwa kitu kama saruji na gundi, kikasuguliwa, kikapakwa rangi, na jamaa anayeuza alikuwa amesimama hatua tatu kutoka hapo akisema bado nzima kabisa.

Alafu misumari. Vyombo vya Lamu vimeshikwa na misumari ya chuma, na chuma na chumvi hawajawahi kuelewana. Ukiona duara jeusi kuzunguka kichwa cha msumari, ujue kutu imeshaanza kula ubao wenyewe. Duara moja moja ni uzee wa kawaida. Ukiona mstari mzima wa weusi kutoka omo mpaka tezi, hapo unanunua kuni. Mzee aligonga mbao na mpini wa nyundo pia, akisikiza. Ubao mzima unajibu ngo! Ubao ulioliwa ndani na minyoo ya bahari unajibu bwi. Hawa minyoo ni washenzi: nje wanaacha tundu la ncha ya sindano, ndani wamechimba mifereji ya kidole. Huwezi kuwaona, unaweza tu kuwaskia.

Kitu kingine usichekwe nacho: kuvuja. Chombo kikikaa juu ya ufuo wiki nyingi, mbao zinakauka na kujikunyata, na siku ya kwanza majini kitaingiza maji mpaka ushike kichwa. Hiyo si lazima iwe noma. Mbao zikinywa zinafura na kuziba. Kwa hivyo usihukumu saa ya kwanza, na usikubali kuonyeshwa chombo kikiwa nchi kavu peke yake. Kiache majini siku mbili, alafu nenda asubuhi mapema kabla mwenyewe hajarauka kukumba maji, ucheki kule chini kwa ngama kuna maji kiasi gani. Vuta pamba kidogo kwa kiungo kimoja cha mbao. Ikitoka na mafuta bado, kalafati ni ya juzi. Ikitoka kavu kama uzi wa sweta, bajeti yako iongeze fundi.

Mashua ya Shela ilipita, na ubao mmoja wa kubadilisha. Jahazi tulilicheki pia, na hapo ndio nilielewa hesabu ya mara nane ni ya nini: mashua ilituchukua asubuhi moja, jahazi lilikula siku nzima na hatukumaliza. Na shida yake kubwa haikuwa chini, ilikuwa juu. Watu hudhani maji ya chumvi ndio huua mbao. Chumvi inahifadhi. Muuaji ni mvua. Chombo chenye dari kikiachwa bila kazi, maji ya mvua yanaingia kwa nyufa, yanatulia kwa vichwa vya mataruma, zile mbavu za chombo, na kuoza kunaanzia mahali huwezi kufika bila kubandua nusu ya dari. Alafu kuna ile injini. Ili kupitisha mtaimbo wa panga, mtu alitoboa fashini, ule mti wa nyuma unaobeba usukani wote. Tundu lilikuwa linalia maji hata likiwa kwa matope.

Unajiuliza mbona jahazi zima liachwe hivyo. Historia kidogo, haitachukua muda. Majahazi ya Lamu yalikuwa malori ya bahari. Yalibeba boriti za mikoko zikihesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini, kwenda Mombasa na mpaka Uarabuni na Ghuba, huko ambako miti ya kuezekea dari haikui. 1982 serikali ya Kenya ikapiga marufuku kuuza boriti nje ya nchi, na wakati huo huo malori na injini zikawa zinachukua mzigo wa ndani. Jahazi halikufa, ila lilipoteza safari ile iliyokuwa inalipa. Leo yaliyobaki yanabeba mchanga, mawe ya kujengea na watalii, na yale ambayo hayajapata hata moja kati ya hizo kazi yanalala Matondoni yakingoja mbogi kama yenu.

Haya, mashindano. Hapa sina maneno mengi ya kulitetea jahazi. Jahazi likitokea siku ya mashindano, limebeba watazamaji.

Mashua ya mashindano haina risasi kwa mkuku, haina uzito wowote wa siri chini. Kinachoizuia kupinduka ni farumi na watu. Farumi ni magunia ya mchanga, yamelazwa ndani upande wa juu wa upepo. Watu ni wasee waliokalia ubao uliotokezwa nje ya chombo, matako yako juu ya maji, miguu imejikunja, wakirudi ndani upepo ukilegea na kutoka tena ukikaza. Nahodha ameshika kana, macho kwa tanga, hasemi mengi. Mmoja ameshika demani, kamba ya tanga, na ndiye mwenye roho ya chombo mkononi, juu upepo ukiruka ghafla ni yeye anaiachia ama nyote mnaoga. Pale karibu na omo kuna mwingine wa kukumba maji na jerikeni iliyokatwa katikati. Huyo hakumbukwi na mtu yeyote wakati wa zawadi, na bila yeye hamfiki.

Utamu ama uchungu wote uko kwa kugeuza. Kwenda demani, upepo ukiwa nyuma, hata nyanya yako anaweza. Boya likiwa huko upepo unakotoka, lazima uende joshi, ubishe, kulia na kushoto, na kila ukigeuka hili tanga la pembe tatu linahamishwa upande wa pili wa mlingoti. Foromali, ule mti unaobeba tanga, inasimamishwa wima, mguu wake unavutwa, demani inazungushwa mbele ya mlingoti mpaka upande ule mwingine, alafu inakazwa. Wakati huo huo magunia yanahama, ubao unahama, na watu wanahama, wote kwa futi 22. Timu iliyozoeana inafanya hivyo kabla umalize kulaani. Timu ya Instagram inagongana vichwa, tanga linapiga makofi hewani, na mashua za Kipungani na Matondoni zinapita zikiwacheka kwa adabu.

Jaribu hiyo sasa na jahazi. Foromali yake inaweza kufika urefu wa chombo chenyewe, mara nyingi ni miti miwili ama mitatu iliyounganishwa kwa kamba, na kuipandisha ni wanaume kuvuta henza, kamba ya kupandishia, kwa wimbo. Nahodha mwenye akili halazimishi kugeuzia usoni mwa upepo. Anaangusha chombo, anaupa upepo mgongo, anazunguka duara refu, tanga linahamishwa huko kwa utulivu. Ni kitu kizuri kukicheki, kina heshima yake. Ila kila mzunguko unarudisha chombo nyuma, na ukifanya hivyo kwa mkondo wa Shela ukiwa na mashindano kichwani, utamaliza wakati watu washakula pilau.

Na tanga lenyewe jua hivi: halipunguzwi. Hizi si zile boti za wazungu zinazokunja tanga nusu upepo ukizidi. Kwa mashua na kwa jahazi, upepo ukizidi unashusha kubwa na unapandisha dogo. Kwa hivyo unaponunua, swali si "tanga liko?" Swali ni "yako mangapi?"

Ikifika kutembea tu, bila kushindana na mtu, jahazi linarudi mchezoni kwa nguvu. Chukua safari ya Kiwayu, huko kaskazini ndani ya hifadhi ya bahari ya Kiunga iliyotangazwa 1979. Na jahazi mnaenda siku kadhaa mkitulia. Jiko ni sanduku lenye mchanga, makaa juu, wali wa nazi unaiva huku mshipi umefungwa tezi unangoja jodari ama nguru. Usiku mnatandika mikeka darini, watu kumi na zaidi, hakuna mtu analala juu ya miguu ya mwingine. Choo ni kibanda kidogo kilichoning'inizwa nje kule nyuma, na nawaambia mapema, msupa wako atakuwa na maoni yake kuhusu hicho choo. Mkitaka Siyu kuona ngome, Faza, Kizingitini, vyote viko njiani. Hiyo ni raha, siwezi kukataa.

Mashua nayo kwa safari hiyo ni msoto mtamu. Mko wanne ama watano, magunia ya mchanga yamebaki nyumbani na mahali pake mmeweka maji, mchele, hema na sufuria moja. Mkilowa mmelowa. Usiku mnalala ufuoni, na mbu wa mikoko hawajui kama umetoka Kilimani ama Kayole. Lakini skia, mashua inafika mahali jahazi linapaangalia tu. Njia ya kwenda Pate kutoka Lamu inapita Mkanda, ule mfereji mwembamba kati ya Manda na bara, mikoko kushoto na kulia, na kina chake ni cha kuhesabu saa. Mashua inataka maji ya chini ya kiuno. Jahazi likiwa na mzigo linataka ya kifua, kwa hivyo linangoja maji yajae, na mkichelewa kunywa chai mnakaa hapo mpaka yajae tena. Takwa vile vile: ule mkono wa bahari unaokufikisha karibu na magofu unajaa na kukauka, na mashua inaingia mapema na kutoka hata ukichelewa. Ukiwa na wikendi moja tu, zile saa za kungoja maji ndizo wikendi yenyewe.

Nje ya mwamba ni hadithi nyingine. Kuanzia Mei mpaka Agosti hivi, kusi inapiga na mawimbi ya mlangoni Shela yanasimama kama ukuta, na mashua ya futi 22 haina biashara huko, nukta. Jahazi zuri lenye nahodha anayejua linaweza, na hata yeye mara nyingi ataamua kukaa baraza. Ukitaka kwenda mbali, unasafiri na msimu. Mwenye ushahidi mzuri ni Flipflopi, ile dau ya plastiki iliyookotwa, ya mita 9, iliyojengwa Lamu chini ya fundi Ali Skanda na kuvishwa malapa 30,000 yaliyokusanywa ufuoni. Ilishushwa majini 2018, na mapema 2019 ikateremka kutoka Lamu mpaka Zanzibar, kilomita 500, kaskazi ikiwa mgongoni. Mita 9 ni kama futi 30, kati ya mashua ile na jahazi lile. Kwa hivyo yule msee anakwambia bila futi 44 huwezi kutoka Lamu anakupiga fiksi. Ila yule anakwambia utaenda Januari na kurudi kwa tanga wiki inayofuata pia anakupiga fiksi. Kurudi ni kungoja kusi.

Matunzo sasa, mahali chama huvunjika. Chombo cha mbao kila miezi michache lazima kitolewe majini, kikwanguliwe, kipitishwe moto wa makuti chini ili minyoo wafe, alafu kipakwe deheni, ule mchanganyiko wa shahamu na chokaa unaonuka mpaka kwa ndoto. Mashua, mnaiviringisha juu ya magogo wasee wanane, mnapiga kazi Jumamosi, Jumapili iko majini. Jahazi linangoja bamvua, maji makubwa ya mwezi mpevu ama mwezi mwandamo. Linapandishwa juu kabisa wakati yamejaa, linawekewa magadi ubavuni lisianguke, na maji yakitoka mna saa chache tu za kukwangua, kuchoma na kupaka kabla yarudi. Mkikosa bamvua hiyo, mnangoja nyingine. Na hizo bamvua haziulizi kama ni Jumatano na boss anataka ripoti.

Jahazi ni kama nganya: kila siku likilala bila abiria linakula, na lazima liwe na dere wake, makanga wake na mtu wa kuliamkia. Kama mnaweza kuliendesha hivyo, safi kabisa. Wekeni nahodha wa Lamu, mabaharia wa Lamu, walipeni kwa wakati (kuna wenye vyombo kutoka bara wanajulikana ufuo mzima kwa kutolipa, na hakuna baharia mzuri atapanda tena kwao), pelekeni watalii machweo, kodisheni kwa maharusi. Hiyo ni biashara na inaweza kuwatoa. Lakini hiyo si ile ndoto mliyoota ufuoni siku ya mashindano. Siku hiyo mlitaka mshike kamba wenyewe.

Ndio nasema hesabu mbogi kabla ya futi. Usihesabu wale wako kwa grupu ya WhatsApp, wala wale walituma emoji ya nanga. Hesabu wale watasafiri mpaka Lamu kukwangua chombo wakati hakuna tamasha, jua la Februari linachoma, na deheni inanuka. Mkibaki wanne, mashua inaendeka. Kwa kutembea, hata wawili wanaojua kazi wanatosha. Siku ya mashindano mtakopa migongo ya Shela, na hiyo si aibu, vijana wa pale wanapenda ubao ule kuliko nyinyi. Jahazi likiwa na wanne wa Nairobi peke yao haliendi mahali, hata foromali hamtaiinua.

Na ile hamu ya dari, dijei na wali wa nazi? Kodisheni jahazi la mtu siku mnazozitaka, siku tatu nne kwa mwaka, deni na magadi yabaki kwake.

Kabla mtoe doh, mambo madogo. Ulizeni karatasi za usajili. Vyombo vidogo viko chini ya Mamlaka ya Bahari ya Kenya, na muuzaji akianza kusema "hiyo baadaye" funga pochi. Laifu jaketi iwe moja kwa kila kichwa, na muivae, juu mashua ikijaa maji na farumi bado iko ndani inashuka nayo. Injini ndogo ya nje ni poa kwa kurudi jioni upepo ukifa, ila msiilipie bei ya chombo. Ulizeni foromali ni ya mti mmoja ama imeungwa, na mkaze macho kwa kiungo. Na bei ikishakubaliwa, kabla mshikane mikono, mwambie muuzaji alete matanga yote, ayatandaze hapo mchangani mhesabu. Wa Shela alileta moja, la kazi za kila siku, limetiwa viraka. Lile kubwa la mashindano alisema liko kwa shemeji yake Mkomani. Tumemwambia tutalipa siku shemeji akilileta.